Ndoano Chini ya Ndege Kubwa

Kazi ya Delmar Stroud ilikuwa kushusha ndoano. Alikaa tumboni mwa ndege ya mabomu, juu ya jangwa la Mojave, akavuta wenzo, na mkono wa chuma ukateremka hewani ukiwa umeshika kindege cha kivita kisicho na magurudumu. Kindege kiliachiwa, kikaruka peke yake, kisha kikarudi kuitafuta ndoano ileile. Kisipoipata, kilishuka kwa tumbo kwenye ziwa kavu.

Rubani wa kindege, Wendell Kearse, alikuwa na mdomo hata redioni. "Mzee Delmar, leo usininyoe kwa hiyo ndoano yako."

"Ukitulia hutanyolewa."

Asubuhi hiyo Kearse alikosa mara tatu. Delmar alimwona kupitia kioo cha sakafuni, karibu kiasi cha kumhesabia kope. Kila mara kindege kilipokaribia, upepo wa chini ya ndege kubwa ulikipiga kando, kama ng'ombe anavyomsukuma ndama asiye wake. Mara ya nne ndoano ilipasua kioo cha rubani na kumvua kofia. Kearse alishuka ziwani kwa tumbo, uso una damu, yu hai. Delmar aliurudisha mkono wa chuma ndani, taratibu, kama alivyofundishwa.

Keshokutwa yake kanali aliyesimamia mradi alimwita ofisini.

"Stroud, wewe ulikuwa karibu kuliko sote. Mkono wa Kearse ulitetemeka, sivyo? Sema ndiyo, tutafute rubani mwingine, kazi iendelee. Ukisema ni upepo, mradi umekufa, na wewe huna cha kushusha."

Delmar aliitafuta hofu ndani yake, hakuikuta. Alikuta vumbi tu, na sauti ya feni.

"Mkono wake ulitulia kuliko wangu," alisema. "Ni upepo, afande. Pale hata malaika hashiki."

Kabla ya Krismasi mradi ulifungwa. Kearse alipewa ndege nyingine. Delmar alipata kazi kituo cha mafuta huko Barstow, akiinua magari kwa jeki ya sakafuni na kuyashusha. Lorene, mkewe, alimuuliza kama anajuta. Alisema hajui, akaendelea kula.

Majira ya kuchipua, Ford moja iliingia uani. Dereva alikuwa na kovu kwenye paji la uso.

"Mzee, siku hizi unanyoa hata magari?"

"Leta polepole."

Delmar alinyanyua kiganja, akamwongoza. Gari likasimama juu ya jeki, katikati kabisa.

"Umepata mara ya kwanza," Delmar alisema.

"Leo hakuna upepo."

Delmar akavuta wenzo. Gari likapanda.