Mchumi na Doriani

“Tunda lililopanda ndege haliingii nyumbani kwangu!” Ndivyo alivyotamba kwenye televisheni yule mchumi Mwarabu, mzaliwa wa Unguja, anayeandika makala za kuwasema matajiri wa Ghuba wanaokula wasichokipanda. Kila Alhamisi huja kwenye duka letu la matunda Hamriya, huku huku Ghuba, kanzu imenyooka kwa pasi, akabinya maembe ya watu kwa kidole gumba huku akiwahutubia wateja kwa sauti ya kukwaruza.

“Profesa, leo unanunua au unafundisha?” mimi humchokoza.

“Wewe diploma umeshamaliza?”

“Nusu, Mzee. Nusu nyingine ilinikimbia.”

“Basi nnakumalizia mimi, bure.”

Juzi hakuhutubia. Alisimama mbele ya kasha la madoriani yaliyoshuka kwa ndege kutoka Unguja asubuhi ile, akafumba macho, akavuta harufu.

“Mke wangu hanijui tena,” akaniambia polepole. “Mimi mumewe, ananiita mgeni. Jana kataka doriani. Labda akilinusa atanikumbuka, mwanangu.”

Nikamchagulia moja lililoiva. Akalipakata kifuani kama mtoto mchanga, miiba yote ile juu ya kanzu nyeupe, ndipo akauliza bei.

Doriani moja, riali sita.