Yule Mmoja wa Foleni ya Maji

Shule yetu ya wavulana, pale Mwanza, imekaa juu ya mawe, ziwa liko chini yake, na miaka yote shida yake kubwa ilikuwa maji. Ziwa unaliona kutoka dirishani mwa darasa mpaka linakuchosha, lakini ukifungua bomba linakohoa tu. Kwa hiyo asubuhi tulishuka na ndoo, bweni kwa bweni.

Kabla ya kupanda kurudi kulikuwa na hesabu. Kaka wa bweni anasimama juu ya jiwe, sisi tunajipanga ndoo kichwani, kila mtu anataja namba yake. Wa mwisho akishataja, kaka anauliza, "Na mmoja?" Wote tunajibu, "Yupo!" Ndipo tunaondoka. Nyuma ya wa mwisho hapakai mtu. Ukichelewa unajipenyeza katikati ya foleni, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo tulivyokuta.

Mimi hiyo hesabu nilikuwa siipendi kabisa. Ndoo inakuelemea shingo, maji yanakuingia kwenye kola, halafu mtu anakuuliza habari za mtu ambaye hayupo. Siku moja nilimwambia kaka wetu, "Si tuondoke tu? Uji unapoa."

Akanijibu, "Uji wa hapa uliwahi kuwa wa moto lini?" Watu wakacheka, tukajibu "Yupo," tukapanda.

Likizo ya mwisho kabla ya kumaliza kidato cha nne nilikwenda kwa bibi, Sengerema, ng'ambo ya ziwa, na rafiki yangu wa bweni moja. Jioni tulitoka shamba na binamu zangu wadogo. Nikawapanga uani kwa mzaha, wakataja namba. Nikauliza, "Na mmoja?" Rafiki yangu akapayuka, "Yupo!"

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini. Bibi yangu ni mtu wa utani, ananiita mume wake na kunilalamikia kwamba namlisha vibaya. Jioni ile hakutania.

"Hayo mmeyatoa wapi?"

"Shuleni, bibi. Tukichota maji."

"Nani aliwafundisha?"

"Hakuna. Tumeyakuta."

Akajipangusa vumbi la mtama mikononi. Halafu akasema. Kwamba nilikuwa na baba mkubwa aliyekufa maji, hilo nilijua, ingawa nyumbani hazungumziwi. Nisichojua ni kwamba alikuwa mwanafunzi pale pale shuleni kwetu. Alishuka na wenzake kuchota maji, na wenzake walipofika juu ndipo wakaona ndoo moja imepungua. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Wavuvi walimtafuta, hakupatikana. Kaburi hana.

"Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuja mpaka hapa," bibi akasema. "Akaniambia, mama, sisi hatutampunguza kwenye hesabu. Mimi nikasema moyoni, haya ni maneno ya msibani. Msibani watu husema chochote."

Tangu mwaka ule hakuvuka tena kwenda Mwanza. Lakini jioni ile aliniambia anataka asikie kwa masikio yake, hata mara moja.

Niliporudi shule haraka ilinishika, maana nilikuta mafundi wanafunga pampu. Maji yangepandishwa kutoka ziwani mpaka kwenye tanki, na bomba lingezinduliwa siku ya mahafali yetu. Baada ya hapo nani atashuka na ndoo? Na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia ya shule kwenye risala. Ile ya zamani ilikuwa na majengo ya kwanza, shule kuchukuliwa na serikali, na wakubwa waliopita pale. Nikamuongeza na baba mkubwa.

Mwalimu wa taaluma alisoma, akavua miwani. "Kijana, mgeni rasmi anakuja kutufungulia maji, wewe unamletea mtu aliyekufa maji?"

"Lakini ndiyo historia ya shule, mwalimu."

"Ni historia, sikatai. Siyo ya siku ya sherehe." Akanipa pole, kwa dhati kabisa, kisha akaikata sehemu ile kwa mstari.

Siku ya mahafali bibi alivuka na baba. Baba anasema kwenye kivuko bibi alifumba macho na kumshika mkono wa shati mpaka ng'ambo. Akakaa chini ya turubai, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Mimi nikasoma risala. Nilipofika pale pa mstari, nikapita.

Mgeni rasmi akafungua bomba. Maji yakaruka yakamlowesha viatu, watu wakashangilia, pilau ikaanza kugawiwa.

Bibi hakula. "Mume wangu, ndiyo basi? Hawashuki tena?"

Nikawaendea wenzangu wa bweni, wana sahani mikononi, mashati meupe na tai. "Shikeni ndoo."

"Wewe mzima kweli? Maji yanamwagika pale, unatupeleka ziwani na tai?"

Rafiki yangu niliyekwenda naye Sengerema akaweka sahani chini. "Bibi amevuka kwa ajili hiyo," akasema. "Twendeni. Pilau haina miguu."

Tukashuka. Bibi alivua viatu akavishika mkononi, akapita kwenye mawe taratibu, hataki kushikwa. Tukachota, wakajipanga, mimi nikapanda juu ya jiwe. Walianza kutaja namba kwa kicheko, lakini kicheko kikawa kinapungua, hadi namba ya mwisho ilitajwa kwa sauti ndogo.

"Na mmoja?" nikauliza.

"Yupo!"

Bibi hakulia. Alitazama maji, halafu akatutazama sisi, sura kwa sura.

"Rudieni," akasema.

Tukarudia.

"Haya. Twendeni naye."

Akaenda kusimama nyuma kabisa ya foleni, na hakuna aliyethubutu kumwambia pale hapakai mtu. Tukapanda polepole, kwa mwendo wake. Kila tulipopumzika aligeuka nyuma, akangoja kidogo, kisha akasema, "Haya," tukaendelea.