Deni la Mbegu Walilokataa Nilipe

Kijijini kwetu Busi watu walisema sitaweza kulima hata tuta la mchicha. Walisema mtu aliyerudi kutoka ng'ambo na stashahada ya kilimo na viatu vinavyong'aa ataomba nauli ya kurudi kabla mvua hazijakatika. Niliwaacha waseme. Nilikodi trekta, na kwa majirani nikakopa mbegu ya mahindi, yale meupe ya kwetu, sado moja hapa, nusu pale. Desturi yetu ni hiyo: unakopa mbegu, unarudisha mbegu.

Nikaotesha shamba ambalo, nasema bila aibu, lilisimamisha bodaboda barabarani. Kando yake nilipanda mistari ya mahindi chotara ya dukani, na kila aliyepita nilimweleza kwamba ile ni sayansi, vinasaba vimepangwa na wataalamu. Stashahada haifichwi.

Baada ya mavuno nilianza kulipa kwa shangazi yangu, aliyenikopesha kuliko wote.

"Shikamoo, shangazi. Nimeleta deni."

"Marahaba. Hayo ni ya maabara, siyataki."

"Ni mbegu yako ileile!"

"Imechanganyika na yale ya vinasaba. Ulisema mwenyewe."

"Yale ni chotara tu, shangazi. GMO, mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara, ni kitu kingine kabisa."

"Mbona ulipokuwa unajisifu hukusema chotara tu?" akadakia jirani yake. "Anza kula wewe, msomi. Ukiota mkia tutakufunga zizini."

Shangazi hakucheka. "Mbegu hii nilipewa na mama yangu. Nilikukopesha, sikukuruhusu uibadilishe."

Wakopeshaji wengine nao wakafunga maghala.

Nikaenda Dodoma mjini kutafuta cheti kwamba mbegu yangu si GMO. Ofisa wa mbegu alinipokea kwa heshima inayonistahili, akazitazama punje, akasema hana ushahidi kwamba ni GMO wala kwamba si GMO. Kwa tahadhari, nihudhurie semina. Tulijadili tahadhari mpaka chai, maadili mpaka chakula cha mchana. Kuku alikuwa wa kisasa, na hakuna aliyeuliza asili yake. Nilichangia kuliko wote. Nilisema mwenye mbegu aulizwe kabla mbegu yake haijaguswa. Walipiga makofi. Ndani ya basi ndipo nikagundua kwamba hoja ile ilikuwa ya shangazi.

Mavuno yote nikayapeleka mashineni yakasagwe unga. Shangazi alinikopesha tena, kutoka kwenye mahindi aliyotundika juu ya moshi wa jiko, kwa masharti: nipande bondeni, mbali na chotara yoyote, na nifunge mdomo. Nilitimiza yote, ingawa la mwisho lilinitesa.

Msimu uliofuata wote walionidai walikuja uani kwa shangazi. Kila mmoja alimenya hindi, akakagua rangi, akatafuna punje, akapimiwa haki yake. Jirani alitafuna mbili, kwa tahadhari. Shangazi alikuwa wa mwisho. Aliyafunga mahindi yake mawili mawili kwa maganda, akapanda juu ya kigoda, akayatundika juu ya moshi wa jiko.

"Sasa hudaiwi," alisema. "Nishikie kigoda nishuke."