Mji Wetu wa Kuta Mbovu

Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji, uso unanipata moto kabla sijajua kwa nini. Wengine harufu hiyo ingewakumbusha nguo za sikukuu. Mimi inanirudisha Rwezamenyo, kwenye baraza ya baba yake Hamza, fundi cherehani, ambako pasi ilipulizwa tangu asubuhi na majivu yake mepesi yakatua kwenye nywele za kila aliyekaa karibu. Familia yetu ilikuwa imehamia Kigali muda si mrefu, ikitokea Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, na watoto wa mtaani walinibandika jina Tizedi, yaani TZ, la nchi niliyotoka, wakawa wanacheka kila nikifungua mdomo. Hamza naye alinicheka, lakini alinicheka kwa Kiswahili, na mimi kwa upweke wangu nikaona hiyo ni heshima kubwa. Baada ya hapo nilimfuata kila alikokwenda, na hakunifukuza.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kiwanja chenye mabaki ya nyumba ya zamani ya matofali ya udongo. Paa lilishaondoka, mvua ilikuwa imezila kuta mpaka nyingine zikatufika kifuani na nyingine magotini, na ndani ya vyumba paliota nyasi. Sisi tulipaita Mji. Tuliziba milango kwa mabati yenye kutu, tukaweka walinzi, tukagawana vyumba kama wakubwa wanavyogawana viwanja. Mbele ya Mji palikuwa na eneo tambarare la udongo uliokanyagwa ukakauka, na anayeijua Kigali anajua maana ya kupata mahali tambarare penye vilima kila upande, ambapo mpira ukikuponyoka unaufuata mpaka bondeni. Hapo ndipo tulipocheza. Mpira alitengeneza Hamza mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani ya baba yake, akavifunga na kuvishonea juu, na hakuna aliyekuwa mchezaji kama yeye.

Mji ulikuwa na watoto wengi, lakini wenye Mji tulikuwa watatu: Hamza, mimi na Ndoli, kijana mnene mwenye maneno makali. Ndoli ndiye aliyeleta habari ya kunywana. Babu yake alimsimulia kwamba zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu walichanjana, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake, na kutoka hapo wakafungwa na igihango, yaani agano linalomuua atakayelivunja. Hamza alisema damu kwake ni haramu, hanywi hata kama ni yetu. Tulibishana asubuhi nzima, kisha tukakubaliana kwamba maziwa ya mgando yatatosha. Nikaiba kikombe cha plastiki nyumbani, tukakipitisha mkono kwa mkono ndani ya chumba kikubwa cha Mji, na kila mmoja akasema kwamba akimtoa mwenzake kwa adui, maziwa haya yamgeukie tumboni. Nilikunywa zamu yangu. Nilikuwa nimepata ndugu katika nchi ambayo hata salamu zake zilikuwa zinanishinda.

Likizo kubwa ya mwaka ule, watoto wa barabara ya juu waliutaka uwanja. Mkubwa wao aliitwa Kazungu, mrefu, mtulivu, mtoto aliyeongea polepole mpaka ukamwogopa. Walishika njia ya juu, wakashika na ngazi za chini, tukawa tumezingirwa kweli kweli. Silaha zilikuwa kokwa za parachichi, maana parachichi zilijaa kila ua na kokwa moja ikikupata mgongoni unaitambua. Ndani tulikula mihogo mibichi, tukagawana maji ya dumu moja, na jioni tulipotawanyika kurudi makwetu tulipita kwa kukimbia huku tumejifunika mabati vichwani. Naona aibu kusema kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kisha siku moja kokwa ilinipiga sikioni, walio nje wakacheka na kuniita jina lile la Tizedi, na hasira ikanipanda. Sikuokota kokwa. Nilimega kipande cha tofali ukutani, nikakirusha kwa nguvu zangu zote, kikampata mdogo wake Kazungu juu ya jicho. Damu ilimtoka ikamfunika uso, na kelele zote zikanyamaza pande zote mbili.

Yule mtoto alipona, akabaki na kovu. Kesho yake Kazungu alikuja peke yake mpaka kwenye bati la mlango, akasema hataki kupigana tena. Uwanja tutachangia, wao na sisi, na Mji utabaki wetu. Akanyoosha kidole. "Ule alitupa tofali, asikanyage hapa tena. Ni hivyo tu." Tukaingia ndani kupima maneno yake. Ndoli hakuzunguka: mama yake alikuwa amemchapa kwa ajili ya vita vyetu, amechoka, na amani ilikuwa nzuri, basi mimi nitoke wengine waishi. Nikamkumbusha maziwa. Akasema maziwa hayakuzungumzia matofali. Nilianza kulia, kilio cha mtoto asiye na pa kwenda kwingine, kwa sababu nje ya Mji ule sikuwa na rafiki hata mmoja, na wote wawili walilijua hilo.

Hamza alikuwa anachokoa ukuta kwa kidole. Kisha akasimama, akaondoa bati, akamwambia Kazungu, "Nitatoka mimi. Uyu anabaki." Kazungu alifikiri kidogo, na nadhani aliona faida, kwa kuwa bila Hamza tusingemfunga mtu. Lakini alimjua Hamza kuwa hana woga, kwa hiyo akamtaka aape kwa agano letu, ambalo habari zake zilishaenea mtaani, na tena aape vibaya: akikanyaga pale, balaa lisimpate yeye, linipate mimi. Hamza aliapa. Hakuna aliyeuliza amani hiyo itaisha lini. Tulikuwa watoto, siku zote tulizijua ni za likizo. Alichukua kandambili zake, akaruka ukuta mbovu, akaenda kukaa kwenye baraza ya baba yake karibu na pasi.

Ningeweza kusema neno lolote. Mdomo niliokuwa nimeutumia kulia ulikuwa bado upo. Badala yake nilifuta kamasi, na mchana ule ule nilicheza. Nilicheza nafasi yake, nikafunga mabao, watoto wa Kazungu wakaanza kunishangilia kwa jina langu halisi. Likizo nzima ilikwenda hivyo, na ilikuwa likizo tamu. Mpira ulipopasuka ni mimi niliyetumwa kuupeleka kwa Hamza. Alikuwa anaupokea bila kuniangalia sana, anachagua kitambaa kigumu, anaushona, anauliza nani anaongoza. Nami nilikuwa namjibu kwa kirefu, nikimweleza mabao yangu, kisha nakimbia kurudi. Baba yake alinitazama mara moja kwa juu ya miwani, akarudi kwenye pasi yake.

Shule zilifunguliwa, kodi ikapanda, wazazi wangu wakahamia kwingine. Sasa naishi Kinyinya, nasimamia ujenzi wa nyumba zenye kuta nene na mageti ya umeme, na kuonana na Hamza kumekuwa kwa salamu za misibani na harusini. Mwezi uliopita fundi wa mjini aliniharibia suti ya sherehe ya kumposea mdogo wangu, nikamkumbuka Hamza kwa sababu nilikuwa na shida, si kwa kingine. Yuko kwenye baraza ile ile. Pasi ni ya umeme, lakini ile ya mkaa anaiweka kwa siku umeme unapokatika, na siku hiyo ulikuwa umekatika. Alinipima mabega, akalirekebisha koti, akanitania kwamba tumbo la Kinyinya linataka kitambaa chake peke yake.

Wakati koti linanyooshwa, nilisema twende tukanywe soda pale nyuma, kwenye jengo jipya la ghorofa lenye duka la dawa, ambalo mbele yake chini pametandikwa vigae vyekundu. Hamza akasema heri twende juu, barabarani. Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo, akacheka cheko la mtu aliyechoka. "Uyu? Mtoto iko na homa, dawa iko hapa nyuma, yeye anapanda mpaka juu na mvua. Muulize wewe, mimi nilishindwa." Nilimtazama Hamza. Jengo lile limesimama juu ya Mji wetu, na vigae vyake vimefunika uwanja wetu. Nikamwambia zilikuwa akili za watoto, na yeye ni Mwislamu, mambo ya igihango hayamhusu. Alitikisa pasi, akapuliza majivu.

"Siamini ile mambo," alisema. "Lakini nikipita pale, alafu wewe upate shida, nitajuaje kama si mimi nimeleta?"

Miaka yote hiyo mimi nimekuwa salama, nimejenga, nimesafiri, sikuwahi kujiuliza ni nani anayezunguka njia kwa ajili yangu. Nilimwambia ninamfungua, imekwisha, apite. Akatabasamu, akasema aliyemfunga si mimi. Kisha akalichukua koti langu mkononi, lisijikunje, akanisindikiza hadi kwenye gari. Tulizunguka nyumba tukiongea habari za watoto, mpaka vigae vinapoanza, hapo akasimama na kuninyooshea koti. Gari nilikuwa nimeliegesha katikati ya uwanja. Nikalipokea koti, likiwa bado na joto la pasi, nikavuka peke yangu kama nilivyovuka ile likizo, na yeye akabaki pembeni akinipungia mkono.