Tangazo la Valko la Miezi Sita

Snezhina wa ghorofa ya tatu alikuwa mhariri katika ofisi moja hapa mjini Vratsa, mpaka ofisi ilipoleta akili mnemba na yeye akaambiwa asante, nenda. Hakutoa chozi. Alijiunga na mashine ileile kwa malipo ya mwezi, akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, akawa bosi, karani na mfagizi wa biashara yake. Aliandika matangazo ya wafu. Kwetu mtu akifa, picha yake na maneno machache hubandikwa kwenye mlango wa jengo, kisha tena siku ya arobaini, miezi sita, mwaka. Kazi haikatiki.

Mimi jirani yake nilimwambia hiyo ni biashara ya kunguru. Akanijibu kwamba kunguru halali njaa. Mteja alileta jina na picha, mashine ikatoa maneno matamu, na kabla kahawa haijapoa marehemu alishakuwa malaika.

Januari moyo wa mumewe Valko ulisimama. Snezhina aliliingiza jina lake kama la mteja yeyote, akachapa, akabandika. Siku ya arobaini vivyo hivyo. Tulipomuuliza hali alisema nzuri tu, kazi ipo. Hakuwa akijikaza, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikuwa mkavu kabisa, mtu aliyekufa ganzi mwili mzima.

Miezi sita ilipotimia, Metodi, kaka yake Valko, alikuja kutoka kijijini na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu. Nilimkuta mlangoni akisoma. Tangazo jipya la Valko lilikuwa pembeni ya la mfamasia na la bibi wa ghorofa ya kwanza, na wote watatu walikuwa na mikono ya dhahabu na moyo mpana. Tulipanda pamoja hadi kwa Snezhina. Metodi hata kukaa hakukaa.

"Shemeji, Valko alikuwa na mikono ya dhahabu tangu lini? Rafu aliyopigilia ilivunja sahani zote za mama."

"Watu wanapenda hivyo."

"Watu gani? Mimi nimesoma pale chini, ndugu yangu sikumwona. Akipotea na kwenye karatasi, nimtafute wapi tena?"

Snezhina aliiambia mashine irudie, nayo ikamwomba aieleze zaidi kuhusu Valko. Alikaa mbele yake muda mrefu, vidole juu ya vitufe, sisi tukila ngano. Mwishowe akaizima, akachukua kalamu na kuandika:

"Valko hakujua kupigilia msumari. Nilipofukuzwa kazi alinililia. Mimi bado sijamlilia."

Metodi alilisoma tangazo hilo mara mbili, akalibusu, akashuka kulibandika mwenyewe.

Jengo zima lilisoma. Wiki ileile alikuja mjane wa jengo la pili, akasema anataka maneno hayohayo kwa ajili ya mumewe, atalipa hata zaidi. Nilikuwepo jikoni kwake, namenya viazi. Snezhina alimuuliza kama amemlilia marehemu. Mama wa watu akasema amelia mpaka sauti imemkauka.

"Basi hayakufai, mama," Snezhina alisema, uso uleule. "Hayo ni ya mtu aliyeshindwa kulia. Kaa, nikuandikie mengine."

Akawasha mashine, akamuuliza jina la mumewe. Mimi ikabidi nigeukie sinki, nifiche kicheko.