Mstari wa Saba

Kuna neno moja ambalo mteja akilitaja hadi leo hutamani kukusanya vifaa vyangu niondoke: mchanganuo. Wengine wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa barua za benki. Mimi ni fundi umeme, nimevuta nyaya Kariakoo miaka mingi, na ninachokiogopa ni mteja anayesema kwa upole, "Fundi, hiyo bei naomba unichanganulie."

Sisi tulizoea jumla. Unaingia kwenye nyumba, unatazama dari, unatikisa kichwa kidogo ili mwenye nyumba aingiwe na wasiwasi, halafu unataja bei moja ya kazi na vifaa vyote. Ndani ya jumla hiyo kuna waya, kuna jasho, kuna nauli, na kuna cha juu, yaani kile kidogo unachoongeza kwenye bei ya dukani bila mteja kujua. Wenye maduka ya vifaa wanajua. Ukishanunua, wanashika kalamu na kukuuliza bila hata kuinua macho, "Nikuandikie ngapi?" Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema kuwa kutoa mchanganuo ni kuvuliwa nguo sokoni.

Lakini ndani ya jumla tulificha na kitu kingine, nacho hakikuwa cha wizi. Tulificha ethi. Ethi ni nondo ya shaba inayozikwa ardhini na kuunganishwa na nyaya za nyumba, ili umeme ukivuja uende chini badala ya kupita kwa mtu. Haiwashi taa wala haizungushi feni, na sijaona mteja anayefurahi kulipia chuma cha kufukiwa. Kwa hiyo unaiingiza kimya kimya, naye analala salama bila kujua alilipia nini. Cha juu changu na usalama wake vilikaa shimo moja.

Mteja ninayemsimulia alikuwa mama mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la vitenge na mashuka katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Chini duka, juu anaishi na mama yake mzazi, bibi mzee sana aliyependa kuoga maji ya moto asubuhi. Nyaya za nyumba zilikuwa zimeoza, akanipa kazi ya kuzitoa zote na kuweka mpya. Nikataja jumla yangu. Akasema hapana, anataka mchanganuo.

Nilikaa kwa muuza kahawa nikaandika mistari tisa. Cha juu nilikigawa kidogo kidogo kwenye kila mstari, nikaona nimekuwa mjanja. Ethi ilikuwa mstari wa saba. Nikampelekea karatasi, na kabla ya adhuhuri akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, fundi." Karatasi yangu ilikuwa juu ya kaunta, imejaa tarakimu zake pembeni. "Mimi nimezaliwa Kariakoo. Nimepita maduka matano kwa miguu yangu hii. Hii waya umeandika hivi, duka la kona wanauza hivi. Hizi swichi umeandika hivi, jirani yake anauza hivi. Unaniuzia mimi bei ya Kariakoo ya wapi?"

Jasho lilinitoka mgongoni na feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Kariakoo habari haina miguu lakini inafika kila duka, na nilishajiona nimeitwa mwizi mtaa mzima. Kalamu yake ikashuka mstari kwa mstari, ikapunguza hapa, ikapunguza pale, ikafika mstari wa saba.

"Na hiki cha kuzika ardhini ni nini? Fundi, umeona umeniibia juu, sasa unataka kuniibia na chini?"

"Mama, hiyo ni muhimu."

"Na zile swichi nazo ulisema muhimu." Akaukata mstari wa saba, mkato mmoja mnene. "Kama umekubali, saini hapo chini. Kama hujakubali, mafundi wamejaa."

Nilijua ninachokifanya. Nilijua nyumba ile ina hita ya maji bafuni, na mabomba yake ni ya chuma. Ningeweza kusimama nikaeleza, ningeweza kuondoka. Nikasaini.

Kazi niliifanya vizuri, taa ziliwaka, mama akalipa na kunipa na soda. Tangu siku ile nikawa mwoga. Nikipita mtaa ule nilitega sikio. Mvua ikinyesha nilikumbuka bafu lile. Nilijipa moyo kwamba nyumba nyingi za mjini hazina ethi na watu wake wanaishi, lakini moyo haukunisikiliza.

Simu ya yule mama ilikuja asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa maeneo ya Posta, juu ya ngazi katika ofisi ya watu.

"Fundi, hebu siku moja upite. Bomba la bafuni linamtekenya mama yangu."

Nilishuka ngazi bila kuona vidato. "Linamtekenya vipi?"

"Anasema akiligusa linamtekenya mkono. Yuko humo sasa hivi anaoga, anacheka mwenyewe."

"Mama, mtoe! Asiguse tena hilo bomba. Zima meni swichi, umeme wa nyumba nzima, sasa hivi!"

"Fundi, unanitisha ili uje uniandikie mstari mwingine?"

"Wallahi mama, nakuomba."

"Nina wateja dukani," akasema, na simu ikakatika. Nilipiga tena. Nikapiga tena. Iliita mpaka ikachoka.

Nilipanda bodaboda kwenye mvua ile ile. Dereva alitaka kuzungumzia mpira, na mimi nilikuwa bado naipiga ile simu. Tulipofika Mnazi Mmoja magari yalikuwa yamesimama, tukapita kando kando, na nilikuwa nikijiona mahakamani, nikiona jeneza dogo la bibi likishushwa zile ngazi nyembamba za nyumba yao. Nasema kweli, sijawahi kuogopa vile. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu kati ya pale na Kariakoo.

Nilimkuta mama anampimia mteja kitambaa. Sikumsalimia. Nilipita nyuma ya rafu za mashuka, nikaishusha meni swichi kwa kiganja, feni zikaanza kuzunguka taratibu mpaka zikasimama. Nikapanda juu. Mlango wa bafu umefungwa.

"Bibi! Bibi!"

Hakujibu. Nilisikia maji tu yakidondoka. Mama alikuwa amepanda nyuma yangu akiwa na hasira zake, lakini aliponiona uso, uso wake nao ukabadilika. Akausukuma mlango kwa bega.

Bibi alikuwa amesimama kwenye kona, kajifunga kanga, mapovu kichwani, mkono mmoja bado kwenye bomba.

Maneno mengine yalinikimbia. "Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Sasa mbona mmekata umeme na mimi nina povu machoni?"

Nilimtazama miguuni. Alikuwa amevaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kizamani, visigino virefu kama vigoda. Nikakaa chini pale pale kwenye maji. Sijui kama zilimwokoa mbao zile, maana umeme haupiti kirahisi kwenye mbao, au siku zake tu zilikuwa hazijafika. Tulipomtoa, nikarudisha umeme kidogo na kugusisha testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye bomba. Kitaa chake kikawaka chekundu. Hita ilikuwa imeoza ndani, umeme unavuja na hauna pa kwenda. Mama alikitazama kile kitaa, kisha nikauzima umeme tena.

Nikaenda kununua nondo ya ethi kwa fedha yangu. Mwenye duka akashika kalamu, akauliza, "Nikuandikie ngapi?" Nikamwambia asiandike kitu.

Nilikuwa uani naipigilia mama aliposhuka. Mkononi ana ile karatasi. Alikuwa ameitunza, mstari wa saba umekatwa, na chini kabisa jina langu.

"Mstari nilikata mimi, sikatai," akasema taratibu. "Lakini mimi nauza mashuka, fundi, umeme siujui. Wewe unaujua. Kwa nini ulisaini?"

Niliinamia nondo nikaendelea kupiga nyundo. Jibu nilikuwa nalo. Nilisaini kwa kuogopa kuitwa mwizi, na hata pale, bibi akiwa hai juu dirishani anatutazama, niliogopa kulisema.