Programu Mbili, Gia Moja na Kahawa ya Mama

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila kijana anaponiuliza ni programu gani ya kuchorea mashine iliyo bora. Ulikuwa msimu mkubwa wa kahawa, nami nilikuwa mhandisi mchanga katika karakana moja mjini Embu. Tulikuwa na kompyuta mbili tu, zile za mgongo mkubwa. Mwenye karakana, Mhandisi Ireri, alituachia mimi na mwenzangu Mwenda tujaribu programu mbili, tumwambie ipi inunuliwe.

Mwenda alikuwa kijana wa Muthara, kule Meru. Yeye alipenda programu ya michoro bapa, inayochora kama penseli kwenye karatasi: mstari hapa, duara pale, upande mmoja kwa wakati. Alikuwa na kasi nayo ajabu. Mimi nilipenda ile inayojenga kifaa kizima ndani ya kompyuta, ukakizungusha na kukiona mbele na nyuma. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwita mzee wa penseli, naye akasema mimi nacheza gemu kazini. Unajua vile Wameru wanavyosemwa kuwa wana hasira. Basi nikuambie, aliyekuwa mkali zaidi ni mimi wa Embu.

Katikati ya ubishi huo, gia ya mashine ya kumenya kahawa ikapasuka kule Kanja, kwenye kiwanda cha wakulima cha nyumbani kwetu. Gia ya aina ile haikuuzwa tena madukani. Ilibidi tuichore sisi, kisha fundi wa Meru mjini aichonge. Wewe mtoto wa kahawa unajua: iliyochumwa leo humenywa leo. Ikilala inachacha, na ikichacha haina budi kuanikwa na maganda yake iwe mbuni, bei ya chini kabisa. Na kiwanda cha jirani hakikupokei kama si mwanachama. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliokwama, magunia yake yamekaa pale uwanjani.

Alinipigia simu. "Wawira, hiyo mashini itatengenezwa lini?"

"Tunachora, mama."

"Mnachora? Hata asubuhi niliambiwa mnachora. Kwani ni picha ya harusi?"

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Ukweli ni kwamba hatukuwa tumechora hata mstari. Tulikuwa bado tunabishana ni programu ipi itumike. Mhandisi Ireri alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Kila mtu achore hiyo gia kwa programu yake, sasa hivi. Mimi naenda Kanja kupima shafti, ule mhimili unaopita ndani ya gia."

Tukachora. Mwenda alimaliza kabla yangu, akaanza kupiga mluzi ili nimsikie. Kisha Ireri akapiga simu kutoka kiwandani: shafti ile iliwahi kukerezwa upya miaka ya nyuma, kwa hiyo ilikuwa nyembamba kuliko kipimo cha kitabu cha mashine, na tundu la gia lazima lipunguzwe. Nilibadilisha namba moja, michoro yangu yote ikajirekebisha. Mwenda ilimbidi arekebishe kila upande kwa mkono. Akarekebisha wa mbele, ule wa ubavuni ukabaki na kipimo cha zamani. Ireri aliporudi aliliona kosa upesi. "Sasa fundi angefuata upi?" aliuliza, na mluzi ukaisha.

Nilifurahi, mwanangu, lakini furaha yangu haikufika mbali. Tulipotuma faili langu Meru, fundi alipiga simu: "Madam, hii kitu haifunguki kwa kompyuta yangu. Nitumie ile mchoro ya kawaida, na uharakishe, niko na kazi ya watu hapa."

Mwenda alicheka hadi akashika meza, lakini alicheka huku akivuta kiti karibu nami. Tulitoa michoro bapa kutoka kwenye umbo la gia nililojenga, naye akapanga vipimo vile fundi anavyovisoma. Gia ikachongwa, na kesho yake jioni mashine ikazunguka tena.

Kahawa ya mama haikungoja. Nilimkuta akiianika iwe mbuni, kahawa aliyoipalilia mwaka mzima. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na hiyo programu, mlichagua?" Niliumia kuliko kama angenichapa.

Kwa hiyo usiniulize ipi ni bora kabla hujaniambia unabuni nini na nani atakichonga. Chukua kifaa kimoja cha kazi yako ya kweli, ukichore katika kila programu. Badilisha kipimo kimoja uone nini kinaharibika. Kisha mtumie fundi, uone kama atafungua. Kama kazi yako ni kukata mabati na vyuma bapa, programu ya michoro bapa itakutosha, usione haya. Mashine ya vipande vingi vinavyoshikana, hiyo ijenge nzima. Zile za siku hizi zinazokaa kwenye intaneti ni nyepesi kwa laptopu ya kawaida, na mtu wa Runyenjes anaweza kuchora pamoja na wa Meru, lakini mtandao ukipotea na mvua utabaki ukitazama skrini. Za bure zipo na zinafaa, ila zinataka uvumilivu. Na hiyo unayotumia kwa leseni ya mwanafunzi, kumbuka masomo yakiisha nayo inaisha. Ukishachagua, fanya kazi. Anayetumia nyingine si adui yako, na huenda kesho ukamhitaji.

Mungu abariki macho yako na mikono yako. Akupe mwenzako wa kukusahihisha bila kukudharau. Na kazi yako iwafikie wanaoingoja ingali inawafaa.